Kutoa kwa Njia ya Mama

Harufu ya chaki hunirudisha darasa la tatu, siku mwalimu aliponiwekea alama ya kosa kwenye hesabu ya kutoa. Badala ya kukopa makumi, nilikuwa nimehesabu kwenda juu, kama mama alivyonifundisha tukishona makuti.

"Hiyo si njia. Futa."

"Sifuti, mwalimu. Jibu ni sahihi."

Mwalimu akachukua chaki. Akaandika ubaoni: 203 toa 86.

Nilisimama, nikahesabu kwa sauti kuanzia themanini na sita. "Nne, nimefika tisini. Kumi, nimefika mia. Bado mia na tatu. Jumla, mia moja kumi na saba."

Akaifanya kwa njia yake, polepole, akapata hiyo hiyo.

"Haya, kaa."

Sikukaa mpaka alipotia alama ya vema kwenye daftari langu.