Simu Iliyojipokea

Mpaka leo, simu ikilia mara moja kisha ikanyamaza, mwili wangu husisimka. Wanaoishi nami wamezoea. Huniacha nisimame, nisonye, kisha nirudi kuketi.

Miaka hiyo nilikuwa mhudumu wa kompyuta katika chama kidogo cha akiba cha wakulima, Machakos mjini. Mhudumu maana yake nilifanya yote, kuanzia kupangusa vumbi hadi kugombana na ruta, lile sanduku lililotuunganisha na makao makuu Nairobi. Zamani ofisi yetu ilikuwa duka la vitambaa la mzee mmoja Mwislamu aliyefunga biashara akarudi kwao Pwani. Alituachia chumba, kaunta yenye mikwaruzo ya mkasi na laini ya simu. Siku ya kunikabidhi funguo aliweka kiganja juu ya simu akasema, "Binti yangu, hii ina amana ya watu. Usiikate."

Amana yenyewe ilikuwa imeketi barazani. Mama aliyeuza ndengu na mbaazi kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, mbele ya mlango wetu alikuwa na mtoto mmoja tu, msichana aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Kichwani mwake msichana huyo hakuwa na namba nyingine ila ya duka lile. Mara ya mwisho alipopiga, mzee wa vitambaa akiwa bado yupo, alimwambia mamake kwamba mwajiri amemnyang'anya pasipoti na simu ya nyumba amekatazwa kuigusa. Angepiga tena siku wenye nyumba watakapotoka wamwache peke yake. Tangu hapo mama alinisalimu kila asubuhi kwa maswali.

"Namba bado ni ile?"

"Ni ile ile, mama."

"Na ikilia?"

"Nitakuita, hata kama niko na mteja."

Hapo ndipo alipofungua magunia yake.

Makao makuu nao walikuwa na shida zao. Kila ruta ilipozubaa, fundi alilazimika kuendesha gari kutoka Nairobi, akate kona njia panda ya Kyumbi, aje abonyeze vitu viwili na kurudi. Walichoka. Siku moja fundi akaja na modemu, kijisanduku chenye taa nyekundu. Akaiunganisha upande mmoja na tundu la konsoli nyuma ya ruta, upande mwingine na laini yetu ya simu, simu yenyewe akaiweka kando. Sasa angepiga namba yetu akiwa mezani kwake, modemu ipokee, naye aandike maagizo ndani ya ruta kana kwamba ameketi kwetu.

"Hata hii modem yenyewe naweza kuipanga nikiwa Nairobi," aliniambia, akijipangusa mikono.

"Na mtu wa kawaida akipiga?"

"Atapata modem."

"Atasikia nini?"

"Kelele. Atakata."

"Kuna mama hapo nje anangoja simu ya mtoto wake."

"Madam, hiyo ni laini ya kazi. Modem si receptionist."

Mdomo wangu hauna breki. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, naye akacheka, akaingia garini.

Alipoondoka tu, nilirudisha simu ya mzee wa vitambaa juu ya kaunta, nikaiunga kwenye laini ile ile. Kisha nikaiamuru modemu ingoje milio kumi na mitano kabla ya kupokea. Mchana ningeiwahi mimi, na fundi angejifunza subira. Nilimweleza mama, akanifungia ndengu kwenye gazeti, akakataa nizilipie. Nilijiona mjanja wa mji mzima.

Siku chache baadaye taa za modemu zilianza kumeta. Simu haikuwa imelia, wala hakuna aliyeigusa. Zilimeta, zikasita, zikameta tena, halafu zikatulia. Niligeuka kutazama mlango, nikiwa na hakika kwamba kuna mtu ameingia. Hapakuwa na mtu. Nilijiambia ni fundi anakagua kazi yake, lakini niliogopa, na hofu ile sikumweleza yeyote.

Kikulacho ki nguoni mwako. Ni kweli alikuwa fundi, na alikuwa ameingia ndani ya ruta yetu kwa njia yake ya kawaida ya makao makuu, bila kupiga simu, akiirudisha modemu ipokee kwa mlio wa kwanza. Alikiri baadaye bila hata haya, eti kungoja kulimchosha.

Simu yenyewe ilikuja alasiri, nikimhudumia mteja. Ilipolia nilinyoosha mkono taratibu, nikijua nina nafasi. Haikulia mara ya pili. Nilipoinyakua, sauti ya msichana ilikuwa tayari inasema mbio mbio, "Niitieni mama, wametoka, niitieni..." Hapo modemu ikaanza kupiga mayowe juu ya maneno yake. Nikapaza sauti, "Usikate! Usikate!" Nani angenisikia? Niliushika waya wa modemu nikaung'oa ukutani. Kelele ikakoma. Upande wa pili nilisikia mlio wa simu iliyokatwa.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, gorogoro mkononi.

"Ni yeye?"

"Ni yeye, mama. Yuko hai."

"Aiya! Amesema nini?"

"Amesema aitiwe mama. Amesema wametoka."

Alikuja hadi kaunta. Akaitazama simu, kisha akautazama waya niliokuwa nimeushika.

"Na yeye, mwana wakwa, mtoto wangu, alisikia nini?"

Jibu nilikuwa nalo tangu siku fundi aliponiambia, "Kelele. Atakata." Nilimvutia kiti, nikamketisha kando ya simu, tukangoja hadi mlinzi akaja kufunga, na haikulia.