Mlango wa Gari la Rangi ya Damu ya Mzee

Gari lilikuwa dogo, la viti viwili, lisilo na paa, la namna ile inayotengenezwa kwa ajili ya mbio. Mwenyewe, daktari wa Kiingereza aliyemaliza mkataba wake, alikuwa anarudi nalo kwao. Jumamosi saa kumi lilitakiwa liwe bandarini. Lakini aliyeniomba nilipige picha hakuwa yeye. Alikuwa fundi bodi mmoja wa Kikwajuni, rafiki yangu, ambaye miezi michache nyuma aliunyoosha mlango wake wa kushoto baada ya daktari kuupiga kwenye mnazi, njia ya Mtoni.

"Maalim," aliniambia, "gereji moja kubwa ya Mombasa imenijibu barua yangu. Wanataka kuona kazi yangu kwanza. Na mlango siwezi kuung'oa nikaupakia melini."

Kupiga picha nilijifunza peke yangu, kwa vijitabu vilivyokuja na maboksi ya filamu na majarida ya zamani niliyoyasoma kamusi ikiwa pembeni. Humo nilielewa kwamba ukipiga picha kitu king'aacho, unapiga picha ya kile kilicho mbele yake. Ukiliwekea gari taa, utapata picha ya taa. Kwa hiyo tulihitaji mwanga mmoja, mrefu na ulionyooka, upite juu ya bodi kutoka mbele mpaka nyuma. Bati likiwa sawa, mstari wa mwanga huwa sawa. Likiwa na bonde hata la unene wa ukucha, mstari hupinda, na mwenye macho huona.

Studio yangu ilikuwa ghorofani, kwenye uchochoro ambao watu wawili wenye vikapu hawapishani. Daktari alituachia gari, tukaazima ghala la karafuu mtaani Malindi, karibu na bandari, tupu kwa kuwa msimu ulikuwa haujafika. Tuliifagia sakafu na kuinyunyizia maji ili vumbi litulie. Juu ya gari nilitandaza marekani nyeupe, kitambaa kipana cha pamba, boriti hadi boriti, nikaiinamisha kidogo. Umeme haukuwemo. Fundi alisimama nje ya mlango na kioo cha kabati la mke wangu, akalidaka jua na kulirusha ndani hadi kwenye marekani, ikawaka nyeupe. Madirisha niliyaziba kwa magunia. Jua lilifika mlango ule wa ghala kuanzia saa nane mpaka saa tisa na nusu, basi.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Nilitoka msikitini moja kwa moja, nikapiga picha nne, nikarudi nyumbani nimeridhika.

Asubuhi yake picha zilipokauka nilimwita fundi. Mstari wa mwanga ulianzia kwenye taa ya mbele, umenyooka vizuri, na ulipofika katikati ya mlango ukamwagika chini na kufanya tumbo. Picha zote nne zilikuwa hivyo hivyo. Mtu yeyote angesema mlango umebonyea.

Fundi alizitazama moja moja.

"Nshaupitishia kiganja mara mia," alisema taratibu. "Haukubonyea."

"Najua."

"Wewe unajua. Watu wa Mombasa je?"

Nilichukua kioo cha kukuzia. Bonde lile lilikuwa na miguu miwili, na miguu ilikuwa na makubadhi. Kitambaa cheusi cha kamera kilikuwa kimenifunika kichwa na mabega. Kuanzia hapo kushuka, mlango ulikuwa umeiona kanzu yangu nyeupe ya Ijumaa, iliyofuliwa na kupigwa pasi.

"Fundi," nikasema, "ni mimi."

Kuvua kanzu kusingetosha. Shati lingeonekana, na mikono pia. Nilihitaji nguo nyeusi tupu, toka juu hadi chini, na nyumbani kwangu ilikuwepo moja tu. Nilimweleza mke wangu. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Buibui langu la kuendea harusini? Na weye ulivyo mrefu! Litakufupia."

"Nitainama."

"Ukilichana usirudi humu."

Saa nane nililivaa ndani ya ghala, nikaiviringisha miguu ya kamera kwa kitambaa cheusi. Fundi, nje na kioo chake, akachungulia.

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba, mwanangu. Inua kioo kidogo."

"Bibi unakwenda harusi gani leo?"

"Ya mlango wako. Usitikisike."

Wingu lilipita, tukangoja. Nilipiga tatu, na ya nne jua likiwa limeshaanza kuuacha mlango wa ghala. Saa kumi kasorobo fundi aliliendesha gari mwenyewe hadi bandarini, polepole. Hatukuliona tena.

Jumapili nilimpa picha. Aliomba rula. Aliilaza juu ya mstari wa mwanga, akatafuta nafasi kati ya rula na mstari, hakuipata. Akaigeuza rula upande wa pili, akapima tena. Kisha akaifunga picha ndani ya karatasi mbili, akapanda nayo meli ya Mombasa.

Barua yake kutoka Mombasa ilikuwa fupi. Msimamizi wa gereji naye aliomba rula. Alimpa siku saba za majaribio, halafu akamwandika kazini. Chini kabisa fundi alikuwa ameongeza: "Ila ameniuliza yule mama aliyemo gurudumuni ni nani."

Niliichukua nakala yangu na kioo cha kukuzia. Mlango ulikuwa safi. Lakini kifuniko cha gurudumu la mbele, kinachong'aa na chenye umbo la bakuli, nilikuwa nimesahau kwamba nacho kinaona. Humo, mdogo kama punje ya mchele, alisimama mwanamke wa buibui ameinama, na chini ya buibui yalitokeza makubadhi ya kiume.

Nilimpa mke wangu picha na kioo cha kukuzia. Alitazama, akanirudishia.

"Nilikwambia litakufupia," akasema.