Reli Iliyoishia Kwenye Karai

Treni yenyewe niliinunua sokoni, kwenye mitumba, pamoja na kikapu cha vipande vya reli. Nilimwambia muuzaji ni ya mtoto. Watoto wangu wote wana ndevu.

Ukweli ni kwamba niliinunua kwa ajili ya mama. Miguu ilimsumbua, nikamtoa kwake Misungwi na kumleta kwangu Butimba, hapa Mwanza, na tangu afike alikuwa akiuliza jambo moja tu: atarudi lini. Mimi nikawa namjibu kwamba dawa hazijaisha. Sikutaka akaishi peke yake, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia hivyo. Enzi zake alipenda sana kusafiri kwa treni, basi nikajidanganya kwamba nikimjengea reli sebuleni atasahau nyumbani. Mtu mzima, mwenye meza yake ofisini, huo ndio uliokuwa mpango wangu.

Nilitandika plaiwudi juu ya meza ya sebuleni, nikaanza kuchora njia kwa chaki. Vipande vingi vilikuwa vimepinda, maana aliyevitengeneza alikusudia duara. Mimi nikalikataa duara. Nilimweleza mke wangu, kwa sauti ya mhandisi, kwamba mtu wa Mwanza hadanganywi na treni inayozunguka kama mbuzi aliyefungwa kamba. Kwetu reli inafika ziwani na inaishia hapo. Yeye akauliza wageni watawekewa chai wapi. Nikaendelea kuchora. Sisi wahandisi tuna mambo mengi.

Misungwi nikaiweka upande wa kabati la vyombo, Mwanza upande wa kochi la mama. Vile vipande vilivyopinda nilivipanga kimoja kushoto, kimoja kulia, njia ikayumba kama mlevi anayetafuta kwake. Ziwa lilikuwa karai la bluu. Mawe nikayaokota nje, kwa kuwa Butimba hatuna uhaba wa mawe, nikayapanga mpaka meza ikaanza kulia.

Jumapili tulipotoka kanisani nikatia betri. Treni ikaondoka Misungwi, ikayumba, ikafika Mwanza, ikagonga jiwe, ikabaki pale magurudumu yakizunguka. Nikapiga makofi. Mama naye akapiga kidogo, kwa adabu, kisha akainama kuitazama vizuri.

"Imefika," akasema. "Sasa anayerudi Misungwi anapanda nini?"

Nikakitazama kichwa cha treni. Kilijua kwenda mbele tu. Nikamwambia abiria wa kurudi watabebwa kwa mkono.

"Mimi sitaki kubebwa, mwanangu. Nataka njia."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Fundi mzima nilikuwa nimejenga reli ya kumleta mama, ya kumrudisha sikuifikiria hata kwa chaki. Nikaanza kuondoa ziwa. Mke wangu akanipokea mawe bila kucheka, na hilo liliniuma kuliko kama angecheka. Nikaunga vipande vilivyopinda kama vilivyotaka vyenyewe, duara, nikawasha. Treni ikapita Mwanza, ikaenda Misungwi, ikarudi Mwanza, ikaenda tena. Mama aliifuata kwa kidole.

"Hivyo," akasema. "Naenda, halafu nakuja kuwaona."

Nikatoka uani kumpigia simu jirani yake, afungue madirisha ya ile nyumba na afagie. Akauliza kama mama amepona. Nikamwambia bado, ila anakuja.