Bamia Nilizozilea Zikawa Mbao

Waliokuwepo siku ile ni hawa: mimi, msichana wa kuposwa; mama yangu; habuba, yaani mama mzaa baba, ambaye nyumba ilikuwa yake na sisi wengine tulikuwa wageni wake wa kudumu; na binti wa ami yangu, mdogo kwangu, mwenye kicheko kisichojua adabu. Upande wa wageni walikuja mama wa kijana na dada wa huyo mama. Wanaume walikaa nje kivulini na kahawa yao, hao siwahesabu. Kijana mwenyewe hakuwepo. Haikuwa desturi, na mpaka leo naishukuru hiyo desturi.

Majina yao yote ninayo. Shule nilikaa kidogo tu, lakini kwa majina hakuna wa kunishinda, hata mbuzi wetu naweza kukuitia mmoja mmoja. Siyaandiki kwa sababu wajukuu zao bado tunakaa nao hapa Kibra, na mmoja ndiye huniletea maziwa.

Siku hizo Kibra ilikuwa miti na mashamba. Nyumba moja hapa, nyingine kule, na katikati mahindi mpaka mtoni. Mjukuu wangu ananiambia kulima kwetu kule kunaitwa kilimo hai, na watu wa mjini wanazitafuta mboga za namna hiyo kwa tochi. Nilicheka mpaka nikakohoa. Sisi tulitia samadi ya mbuzi kwa sababu mbuzi tulikuwa nao, na jivu tulinyunyiza kwa sababu tulipika kwa kuni. Viwavi tuliwaokota kwa vidole. Dawa ya dukani ningeijulia wapi?

Basi mvua za vuli zilikuwa zimekatika, jua la kiangazi ndio linaanza kuuma, na tuta langu la bamia nyuma ya zizi lilikuwa limetoa maua. Ndipo habari ikaja kwamba mwezi ukiandama watakuja wanawake wa upande wa kijana kunitazama.

Huyo kijana nilimtaka. Niseme ukweli, sasa nina miaka mingi na aibu kidogo. Alikuwa akipita na baiskeli kwenye njia ya kwenda Kawangware, na kila akipita mimi nilikuwa na magugu ya kung'oa palepale kando ya njia. Shamba letu upande ule halikuwa na jani moja lisilo na kazi. Upande wa pili magugu yalinifika kiunoni.

Habuba akaniita. Mguu wake ulikuwa unauma, alikuwa hatoki kitandani ila kwa swala, lakini ulimi ulikuwa mzima.

"Wakija, utawapikia ulichopanda kwa mkono wako. Bamia. Umesikia?"

"Nimesikia, habuba."

"Uchume kila asubuhi. Ndogo, kama kidole chako hiki. Ukiziacha zitakuaibisha."

"Sawa, habuba."

Nikasema sawa, nikatoka, nikafanya nilivyotaka. Kichwani mwangu nilikuwa na hesabu yangu: bamia za kidole kila mtu anazo. Mama mkwe anakuja kuona mchapa kazi, utampa vidole? Nikaamua kuziacha zinenepe. Nikamwambia mama kwamba habuba amekataza mtu yeyote kugusa tuta langu, nikamwambia habuba kwamba mama anazichuma kila siku kwa mchuzi wa nyumbani. Wote wawili wakaridhika.

Kuna mama Mkikuyu wa upande wa Kawangware aliyekuwa akija kwetu kuchukua samadi na kutuachia viazi vitamu. Siku moja akasimama kwenye tuta langu, kikapu mgongoni.

"Wee kairitu," ndivyo alivyoniita, msichana, "hizi ni pembe za mnyama gani?"

"Ni bamia, mama. Mboga yetu."

"Ngai! Kubwa namna hii? Wewe unajua kulima. Mimi kabichi yangu ikiwa ndogo naona haya kuipeleka sokoni."

Maneno hayo nililala nayo kama mto. Mtu mzima, mkulima, amenisifu! Sikujiuliza kama katika maisha yake amewahi kuonja bamia hata moja.

Mwezi ukaandama. Asubuhi ya siku yenyewe nikachuma, nikajaza ungo, nikaingia nao jikoni nimeinua shingo kama twiga. Mama akatazama ungo. Akanitazama mimi. Akachukua moja, akaiwekea kisu, na kisu kikagoma katikati.

"Hizi ndizo zipi?"

"Ndizo bamia."

"Na ndogo ziko wapi?"

Nikakimbia kwenye tuta. Ndogo hazikuwepo. Bamia ukiziacha zizeeke mtini, mti unaona kazi imekwisha, hautoi maua tena. Hilo nililijua tangu utotoni. Nilikuwa nimelisahau kwa muda wa posa tu.

Mama hakuwa na nafasi ya kunipiga, wageni walishaonekana njiani. Tukazichemsha. Tukatia jivu kidogo lililochujwa, la kulainishia, tukachemsha tena. Maji ya mtoni yalikwisha kwenye mtungi, bamia zikabaki vilevile, zinatutazama. Mwishowe tukazikata kwa panga, ndio kweli, panga la kuni, na binti wa ami yangu akiwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Wageni wakaketi. Salamu zikaenda, zikarudi. Nikaingia na chakula kimefunikwa kwa tabaga, lile kawa letu la kufumwa kwa rangi, nikaweka chini, nikarudi nyuma bila kugeuka kama nilivyofundishwa. Mama wa kijana akamega gurusa, ule mkate wetu laini, akachovya, akatia mdomoni. Akatafuna. Akaendelea kutafuna. Habuba aliacha kuongea kuhusu mguu wake. Yule mama akaingiza vidole viwili mdomoni, akavuta uzi, akavuta tena, uzi ukaja, akaulaza taratibu ukingoni mwa sahani.

Dada yake hakuweza kuvumilia.

"Dada, tumeletewa mboga au kamba ya ng'ombe?"

"Nyamaza wewe, kula."

"Nile vipi? Mimi nina meno manne tu na nayahitaji."

Binti wa ami akapasuka kicheko, akatoka mbio. Mimi nilibaki pale, jasho linanitoka mpaka kwenye magoti. Nilikuwa namwona kijana na baiskeli yake anapita, anapita, hasimami.

"Nani alipanda hizi?" akauliza mama wa kijana.

"Mimi, mama."

"Kwa nini ukaziacha zikazeeka?"

Uongo uliniisha wote, nilikuwa nimeutumia kwa mama na habuba. "Nilitaka uone kubwa. Usinione mvivu."

Akaomba maji, akanawa, akasema anataka kuona hilo tuta.

Tukaenda wote, hata habuba akajikokota na fimbo yake. Yule mama akainama, akafinya udongo, akaunusa. Akageuza jani upande wa chini, hakuona mdudu, aliona jivu. Mwisho wa tuta kulikuwa na bamia kuukuu kabisa zilizokwisha kukauka, rangi ya kahawa. Akavunja moja, mbegu zikamwagika kiganjani. Akazifunga kwenye pindo la kanga.

"Nitazipanda," akasema. "Tutaona."

Wakaenda. Ndiyo haikusemwa, hapana haikusemwa.

Nikangoja. Kijiji kikanipa jina la utani, na hilo nalo silisemi. Watoto waliniuliza kama ninauza boriti. Habuba kila jioni aliniita aniulize, "Mbegu za watu zimeota?" kana kwamba mimi ndiye mvua. Magugu kando ya njia niliyaacha, maana baiskeli ilikuwa ikipita na mimi nilikuwa najificha kwenye mahindi.

Masika yakaja. Siku moja ya matope yule mama akaingia peke yake, amepandisha nguo, miguu myekundu mpaka kwenye vifundo. Hakunisalimia mimi. Alikwenda moja kwa moja kwa habuba, akafungua pindo la kanga, akamwaga kitandani bamia changa, laini, hata kidole changu kilikuwa kinene kuzishinda.

"Mbegu yake ni nzuri," akamwambia. Kisha akaniita, akanishikisha moja. "Hivi. Umeona? Nyumbani kwangu zinachumwa hivi."

Habuba, pamoja na mguu wake mbovu, akapiga kigelegele.

Nimezichuma hivyo nyumbani kwake, kila asubuhi, mpaka alipotangulia mbele ya haki. Waliokuwepo wako wachache, na nyinyi watoto wao mmesikia kwa masikio mengine. Kama nimekosea mnisahihishe: pengine wageni walikuwa watatu, pengine panga lilikuwa shoka. Ila msije mkaniambia zile bamia ziliiva. Hilo nilikuwepo.