Theluji Isiyolowesha Udongo

Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye darasa la kisomo, mwaka ule tulipohamishwa kutoka kando ya ziwa tukapangiwa kijiji kipya upande wa Kisesa. Alasiri tulitoka shamba la kijiji tukakaa chini na majembe yetu, tukafundishwa na mwalimu kijana aliyetoka chuo cha Butimba.

Siku moja alileta picha ya nchi nyeupe tupu. Akasema ni barafu, huko kusini kabisa mwa dunia. Kisha akasema ni jangwa.

"Jangwa la maji, Mwalimu?" aliuliza mzee mmoja wa nyuma. "Ungesema tu umechoka, ukapumzike."

Watu wakacheka, na mwalimu akacheka nao. Lakini alisema jangwa si joto, ni kukosa mvua. Huko baridi ni kali mno, hewa haibebi unyevu. Kinachoanguka ni theluji kidogo, kama unga unaopeperuka, nayo haiyeyuki. Hiyo nene tuliyoiona imerundikana tangu kabla ya babu zetu.

"Tena kuna mabonde hayana hata theluji. Upepo unaikausha yote. Mnyama wa baharini akipotea njia akafia humo, haozi. Anakauka na ngozi yake, miaka na miaka."

"Kama dagaa!" akasema jirani yangu.

Wakacheka tena. Mimi sikuweza.

Nilikuwa nimezaa mapacha, wasichana. Mmoja alifariki kabla hatujahama, tukamzika karibu na maji, kama wakwe zangu walivyoelekeza. Pacha huzikwa penye unyevu, na mama yake humwagilia kaburi. Likikauka, walisema, aliyebaki ataungua homa amfuate mwenzake. Sasa mvua zilikuwa zimetupita, na aliyebaki alikuwa mgongoni kwangu, wa moto.

Nikainua mkono. "Mwalimu, udongo wa huko ukimwagiwa maji, unalowa?"

"Haulowi, mama. Yanaganda juu."

"Na huyo mnyama, hakuna wa kumrudisha majini?"

Aliitazama picha yake. "Hakuna watu huko, mama."

Kesho yake nilimwachia mama mkwe mtoto, pamoja na vidonge vya zahanati, nikaenda ziwani. Palipokuwa na nyumba yetu trekta lilikuwa limepita, pamelimwa kwa ajili ya pamba. Mawe niliyoyaweka kaburini hayakuwepo. Nilichota maji, nikamwaga hapa, nikamwaga pale. Vumbi lilikuwa kavu hata maji yakaviringika juu yake kama shanga, yakakataa kuingia. Nilichota mpaka mikono ikalegea. Sijui kama tone moja lilimfikia.

Nilimkuta mama mkwe mlangoni.

"Umempata?"

"Sikumpata, mama."

Akanipokea ndoo, akanipisha niingie.

Mtoto alifariki kabla ya mvua. Wa zahanati walisema ni malaria, na huenda ilikuwa malaria; sina elimu ya kuwapinga. Nilimwomba mume wangu tukamzike karibu na mwenzake.

"Karibu na wapi?" aliniuliza, kwa upole.

Tulimzika hapo kijijini, wanaume wakiipasua ardhi kwa sululu, na udongo waliomfunika nao ulikuwa ukipeperuka.