Kovu la Kumzaa Mitchelle

Kwa kina Kavinya, tumbo likikuuma huulizwi umekula nini. Unalazwa chali, unaambiwa ukohoe, na mkubwa wa nyumba anakupapasa kinena kutafuta uvimbe. Baba yao, Mzee Munyoki, alikuwa mchonga vinyago, akibeba magogo mgongoni, na ngiri ilimbana akafa njiani kuelekea hospitali. Tangu hapo sheria yao ni moja: uvimbe upo, kimbia hospitali; haupo, kunywa mafuta ya mbarika ya kuendesha tumbo, ulale.

Mimi ni jirani yake Kavinya hapa Komarock, mlango kwa mlango. Yeye ni karani kwenye ghala la unga, mimi nauza madera. Ananiita Mama Iqra, namwita Mama Mitchelle, na tumegombania kamba ya kuanikia nguo mpaka tukawa marafiki.

Jumapili moja nikamsikia akitapika. Niliingia bila hodi. Dada yake Mukai alikuwa ameshampapasa, hakupata kitu, na alikuwa amefurahi kabisa, eti si ngiri. Kikombe cha mafuta kilikuwa tayari mkononi. Nikatazama tumbo la mwenzangu: limefura, ngozi imekaza inang'aa. Maumivu yalikuja yakamkunja, yakaondoka, yakarudi. Matapishi yalikuwa ya kijani. Nikamuuliza mara ya mwisho kwenda choo ni lini, hakukumbuka. Hata kutoa upepo? Akatikisa kichwa.

Mukai akasema tungoje mafuta yafanye kazi. Wallahi nilimfokea mtoto wa watu. Nilimwambia tumbo lililoziba chini halijazwi kutoka juu, nikamnyang'anya kikombe nikamwaga kwenye sinki. Kisha nikatafuta teksi.

Hospitalini, daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, hakuishia kwenye kinena. Alifunua tumbo lote, akagusa kovu la zamani chini ya kitovu, akauliza ni la nini. La kumzaa Mitchelle, ambaye sasa yuko chuo. Picha zilipotoka alitueleza kwamba baada ya upasuaji ule nyama za ndani zilifanya makovu kama nyuzi, nyuzi zikaukamata utumbo na kuubana. Zamani, alisema, wodi ile ilijaa wanaume wenye ngiri. Siku hizi ngiri nyingi hushonwa mapema, na wengi anaowapokea ni watu waliowahi kupasuliwa. Mukai alisikiliza akiwa ameziba mdomo kwa leso.

"Kwa hiyo mtanikata tena," Mama Mitchelle akasema. "Na kovu jipya je?"

Daktari hakumdanganya. "Linaweza kushika tena, leo au baada ya miaka mingi. Lakini utumbo huu ukiendelea kukosa damu utaoza, na hatutakuwa na la kufanya."

Mama Mitchelle akanikamata mkono mpaka kucha zikaniingia. "Mama Iqra, naogopa."

Nilikuwa naogopa kuliko yeye, nikamwambia hivyo hivyo. Ningemdanganya vipi? Akalia kidogo, akajipangusa, akamwambia daktari amkate.

Alipona. Lakini siku hizi akishikwa na msokoto wowote wa tumbo, hata wa maharagwe, hangoji. Nikifungua mlango namkuta amesimama pale, viatu ameshavaa, mkono tumboni, ananiangalia usoni aone kama nami nimeogopa.