Nilivyotembea na Wake za Watu Runzewe

Runzewe hawatajengewa njia ya waenda kwa miguu, na aliyeiua ni mimi, mtaalamu wa mipango miji, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Wiki nzima akina mama walinizungusha kwenye njia wanazopita kwenda sokoni, wakinionyesha malori yanavyowasukumia mtaroni. Kwenye mkutano, waume zao wakaikataa njia; walitaka maegesho ya malori. Hasira zikanipanda, nikanyakua kipaza sauti.

"Mnajua nini nyie? Wake zenu nimetembea nao mmoja mmoja, na wote wameridhika!"

Mwenyekiti, Baba Masanja, akamgeukia mkewe.

"Mama Masanja, hata wewe?"

Masikini, yule mama alikuwa anawaza njia tu.

"Hata mimi," akajibu kwa sauti. "Tena mara mbili."